Ugumu katika michezo ya vijana wetu: kupumzika na kukaza

Katika mkutano wa makatekista uliofanyika Baraka, mzee mmoja ambaye amefundisha wakatekumeni kwa miaka mingi alisimama, akatuuliza: «Padri, mtoto anayecheza telefoni mpaka usiku wa manane, apewe Kipaimara ao arudishwe nyuma mwaka mmoja?» Wengine walicheka, lakini yeye hakucheka. Alikuwa na majina saba katika daftari lake. Tulimjibu upesi, kama ilivyo desturi ya mapadri wanaotaka kumaliza mkutano mbele ya mvua: tukasema kwamba mchezo wa namna hii ni uvivu, kwamba mvivu hukimbia kila jambo gumu, basi warudishwe nyuma wote saba. Jibu lile halikuwa sawa. Tunaandika kurasa hizi ili tulisahihishe mbele ya ndugu zetu, na kwa kuwa tunajua kwamba swali hilo linaulizwa katika parokia nyingi nje ya Baraka na Fizi.

Kijana mmoja kati ya wale saba alikuja kutuona. Hakuja kwa kitubio, alikuja barazani mchana, watu wakipita, ndiyo sababu tunaweza kusema habari zake. Mama yake anauza ndagala sokoni. Yeye alifika mwaka wa ine wa sekondari, kisha minervali ikakosekana, akabaki nyumbani. Alisema kwa adabu, bila kukaa: «Padri, mlisema kwamba tunakimbia magumu. Mchezo ninaocheza ni mgumu kuliko masomo yote niliyosoma. Nilishindwa siku nyingi mbele ya kupanda daraja moja tu. Lakini kule nikishindwa, ninajua sababu.»

Neno hilo la mwisho lilitusumbua usiku. Tulilitafutia jibu, tukaona kwamba Mtakatifu Toma wa Akwino alikuwa amelitengeneza zamani, ijapokuwa hakuona telefoni.

Wanafunzi wa seminari kubwa wanakumbuka yale anayofundisha katika Prima Secundae, swali la 40, juu ya tumaini. Anasema kwamba kitu kinachotumainiwa lazima kiwe na sifa ine: kiwe chema, kiwe cha wakati ujao, kiwe kigumu kupatikana, tena kiwe kinawezekana. Ondoa wema, inabaki hofu. Ondoa ugumu, inabaki tamaa tu, maana hakuna mtu anayetumaini kuokota jiwe lililo mbele ya mguu wake. Ondoa uwezekano, mtu anakata tamaa. Tumaini tunalosema hapa si fazila ya kimungu tunayoipata kwa neema, ni mwendo wa roho ambao Mungu ameutia katika kila mtu, hata mnyama ana mfano wake: mbwa hamfukuzi mwewe aliye juu angani, kwa sababu anaona hawezi kumfikia.

Sasa tuchukue mchezo wowote mzuri. Kuna jambo la kupata, halijapatikana bado, si jepesi, lakini linawezekana, kwani wengine wamelipata na masharti yanajulikana. Zile sifa ine zimekutana! Ndiyo kusema, mwenye kutengeneza mchezo anatengeneza kitu kidogo cha kutumainiwa. Mwaka 1975 mwalimu mmoja wa elimu ya nafsi, Mihaly Csikszentmihalyi, alitoa kitabu baada ya kuwauliza wacheza sataranji, wapanda milima, wacheza ngoma na hata waganga wa kupasua, ni kitu gani kinachowafanya wasahau saa. Aliona kwamba kazi ikiwa nyepesi kupita uwezo wa mtu, anachoka kwa uchovu wa kukosa la kufanya. Ikiwa nzito kupita uwezo wake, anaingiwa na wasiwasi. Lakini vikilingana, anazama ndani kwa furaha. Na Mfaransa Roger Caillois, mwaka 1958, alikuwa amekwisha kuandika kwamba katika michezo yote ya wanadamu kuna pande mbili: upande mmoja furaha ya kurukaruka kama mtoto, ambayo aliita «paidia», na upande wa pili mapendo ya kujiwekea vizuizi kwa hiari ili kuvishinda bila faida yoyote, ambayo aliita «ludus».

Wazee wetu hawakungoja Mfaransa. Ng'ambo ya ziwa letu, na kutoka kule mpaka Zanzibar, watu wanacheza bao, lenye safu ine za mashimo manane na kete 64. Ndugu zetu wa Rwanda wana igisoro, lenye mashimo na kete hesabu hiyohiyo. Na katika bao lenyewe kuna namna mbili. Kuna bao la kujifunza: kete zote zinapangwa mbilimbili tangu mwanzo, na mtoto anaweza kuanza kucheza leo hii. Na kuna bao la Kiswahili, ambamo kila mmoja anaanza na kete kumi tu mbaoni, na 22 zinabaki mkononi, zinaingizwa moja moja kwa masharti mengi, hata mtu anaweza kulicheza miaka na bado akaitwa mwanafunzi. Alex de Voogt, Mholanzi, aliwachunguza mabingwa wa Zanzibar, akaandika kitabu mwaka 1995 kuhusu akili zao, ginsi wanavyoona mbele mzunguko mrefu wa kete bila kuzigusa. Tunataka msomaji aone jambo hili: wenye bao la Kiswahili hawakuvunja bao la kujifunza, na hakuna aliyesema kwamba mtoto anayecheza la kujifunza anaharibu mchezo. Wakati mwepesi ulikuwa mlango, wakati mgumu ulikuwa nyumba, na watu walipita.

Katika michezo ya intaneti mambo hayakwenda kwa amani hivyo. Tueleze kidogo, maana baazi ya mapadri wanaotusoma hawajaona michezo hiyo.

Mwaka 1999 ulitoka mchezo ulioitwa EverQuest, ambamo watu maelfu, kila mmoja nyumbani kwake, waliingia pamoja katika inchi moja ya kubuni. Ulikuwa mkali sana. Mtu akifa mle, alipoteza sehemu ya maarifa aliyoyachuma kwa siku nyingi, na vitu vyake vilibaki na maiti yake pahali alipoanguka. Ilimpasa kurudi kule mtupu, bila silaha, kuvichukua. Mwaka 2004 ukafuata World of Warcraft, mpole zaidi. Lakini hata mle kazi kubwa kabisa zilidai watu 40 wakutane saa moja, kila mmoja akijua kazi yake, kama kwaya ya Pasaka. Mwenye kazi na watoto hakuweza. Baada ya muda wenye mchezo waliona kwamba wengi wanalipa feza na hawaoni kamwe sehemu iliyo nzuri kuliko zote. Basi mwaka 2011 wakafungua njia nyepesi: mtu anabonyeza, mashine inamtafutia wenzake asiowajua, na adui anapunguzwa nguvu.

Hapo yakaanza manunguniko. Tuwaite wale wa kwanza «wenye kukaza», na hao wengine «wenye kupumzika». Wenye kukaza walisema: sisi tulikesha, tulijifunza, tulishindwa mara nyingi, na leo aliyefika jana anavaa silaha inayofanana na yetu. Padri akisikia hayo anakumbuka mara moja wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika sura ya 20 ya Matayo, wale walioanza kazi asubuhi na kuona mshahara wa wale wa jioni. Sisi pia tulikumbuka, na tulitaka kuwahukumu kwa mfano huo. Lakini mfano huo hauwafai kabisa. Dinari ile ilikuwa chakula cha mtu na watoto wake, na aliyeajiriwa jioni alikuwa na njaa sawa na wa asubuhi. Tena Yezu alisema juu ya ufalme ambao hakuna anayeustahili. Lakini silaha ya mchezo hailishi mtu. Samani yake yote ni kwamba inaonyesha kazi iliyofanyika. Ukimgawia kila mtu, hujamtajirisha yeyote, umeifuta tu. Kwa hiyo manunguniko yao yalikuwa na haki kidogo. Ubaya ulikuwa katika kuwazarau wenzao, na zarau hiyo ilikuwa nyingi.

Mwishowe wenye mchezo waliwatenga. Mwaka 2019 walifungua tena ulimwengu wa zamani pamoja na ukali wake, na mwaka 2023 wakaongeza pahali ambapo mchezaji ana uzima mmoja tu: akifa hafufuki tena katika ulimwengu ule, hata kama amecheza miezi. Wengi walikwenda kule kwa kupenda kwao. Sisi tunaoishi Baraka na Fizi, ambapo Wenye Heri Luigi Carrara, Vittorio Faccin, Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert walitoa uzima wao mmoja tarehe 28 Novemba 1964, hatupendi neno la kufa litumiwe kwa mchezo. Lakini tunakiri kwamba wale wachezaji wanatafuta kitu tunachokifahamu: tendo lisilorudishwa nyuma, ambalo lina uzito kwa sababu haliwezi kufanywa tena.

Turudi nyumbani. Vijana wa Baraka hawachezi mchezo ule wa kompyuta. Wanacheza mpira wa televizyo, katika vyumba ambamo mtu analipa kila mara anapocheza, na umeme unatoka kwa jenereta ao kwa paneli za jua. Wanacheza na michezo ya telefoni, hasa Free Fire, uliotoka mwaka 2017, ambao umetengenezwa ili uingie hata katika telefoni ya bei ndogo. Watu 50 wanashuka katika kisiwa, na anayebaki wa mwisho ndiye mshindi. Mambo ya risasi katika inchi iliyosikia risasi za kweli yanataka makala yake. Leo tunasema juu ya ugumu tu.

Na ugumu wa Baraka una sura ambayo wenye kuandika vitabu Ulaya hawaijui. Mchezo wa intaneti unatunzwa katika kompyuta kubwa iliyo mbali sana. Kijana akibonyeza, agizo lake linasafiri mpaka kule, na jibu linarudi. Mtandao ukiwa zaifu, linachelewa sehemu ndogo ya sekunde, ao zaidi. Basi aliye karibu na kompyuta ile anapiga wa pili na anahesabiwa wa kwanza. Kisha mega zinakwisha katikati ya vita. Ao batri inazima. Kijana wetu alitueleza kwamba amejifunza kulenga pahali ambapo adui atakuwa, si pahali anapomwona, kwa sababu yule anayemwona ni wa zamani kidogo. Tulimwomba arudie, maana hatukuwa tumeelewa. Yeye hacheki. Kwake huo ni ujuzi kama ule wa mvuvi anayejua kwamba samaki katika maji hayuko pale jicho linapomwona.

Mtu kama huyu kumwita mvivu ni kusema uongo. Yeye ni mwenye kukaza, na anakaza na mzigo ambao mwenzake wa Paris hana. Sasa tukumbuke zile sifa ine. Shule kwake ni jambo jema, la wakati ujao, na gumu. Lakini bila minervali haliwezekani. Kazi vilevile. Kuoa vilevile, kwa mali inayoombwa siku hizi. Kila upande anaona wema mgumu usiowezekana, na mbaya zaidi, akishindwa hajui sababu: alijibu vizuri mtihani, lakini alifukuzwa, alipeleka barua ya kuomba kazi, akapewa mwingine. Katika mchezo masharti ni yaleyale kwa kesho. Basi hakukimbia magumu. Alikimbilia magumu yanayowezekana. Tulipoelewa hivyo, tuliona haya juu ya jibu tulilotoa mkutanoni.

Je, tuseme basi kwamba michezo yote ni mizuri? Hapana. Kuna ugumu wa tatu, na huo ndio unaotupasa kuufundisha, kwa sababu unajificha. Si ule wa mchezo wenyewe, si ule wa umaskini. Ni ugumu uliowekwa ili kuuza njia ya kuutoka.

Mfano ulio wazi hauko kwa wenye kukaza, uko kwa wenye kupumzika. Mwaka 2012 ulitoka Candy Crush Saga, mchezo mwepesi wa kupanga peremende za rangi, ambao mama wa nyumba na mtumishi wa ofisi wanaweza kuucheza wakingoja gari. Mchezaji ana mioyo mitano. Akishindwa, mmoja unatoka, na unarudi baada ya dakika 30. Ikitoka yote, angoje, aombe rafiki, ao alipe. Hapo ugumu si wa kushindwa kwa akili, ni wa saa, na saa inauzwa. Katika michezo mingine wanauza sanduku lililofungwa: unalipa kwanza, ndipo unajua kama umepata kitu cha samani ao takataka. Mwaka 2018 tume ya Ubelgiji inayosimamia michezo ya bahati ilisema kwamba masanduku ya namna hii, katika michezo kadhaa, ni kamari, na sheria ya kamari inayahusu. Katika Free Fire kuna almasi zinazonunuliwa kwa feza ya kweli, na kila msimu ukiisha daraja la mchezaji linashushwa, ili apande tena. Mtu asikilize vizuri: anashushwa bila kushindwa na yeyote. Mwenye bao wa Ujiji angecheka.

Kwa hiyo hatuwezi kuwapima vijana kwa kuuliza tu kama wanacheza kwa kupumzika ao kwa kukaza. Mchezo mwepesi unaweza kumfunga mtu kuliko mgumu, maana mgumu unachosha, na aliyechoka analala.

Toma anasaidia hapa pia. Katika Secunda Secundae, swali la 168, anafundisha kwamba kuna fazila katika kucheza, ambayo Aristoteli aliita eutrapelia, kwani roho inataka kupumzishwa kama mwili. Anakumbusha hadisi ya Mtakatifu Yohane Mwinjili na upinde ambao ungevunjika kama ungekazwa daima. Anaweka masharti matatu: furaha isitafutwe katika matendo mabaya ao yenye mazara, uzito wa roho usipotee wote, na mchezo ufae mtu, wakati na pahali. Kuna zambi ya kupita kiasi. Lakini katika kipengele cha ine anasema kwamba asiyecheza kamwe, na anayechukizwa na wenye kucheza, yeye pia ana kosa. (Kipengele hicho kinasomwa mara chache katika mafungo ya mapadri.)

Kwa waungamishi tunaongeza msaada mmoja kutoka kwa waganga. Shirika la Afya Ulimwenguni limeandika ugonjwa wa michezo hii katika orodha yake iliyokubaliwa mwaka 2019 na iliyoanza kutumiwa tarehe 1 Januari 2022. Halihesabu saa. Linauliza kama mtu ameshindwa kujizuia, kama mchezo umetangulia kila kitu kingine maishani, na kama anaendelea hata akiona mazara yake, kwa muda unaofika mwaka kwa kawaida. Hayo yanalingana na masharti ya Toma kuliko tulivyozani.

Tulirudi kwa mzee katekista, tukasoma tena majina saba pamoja naye, moja moja. Wawili walikuwa katika shida ya kweli: mmoja aliuza vitu vya nyumbani kwa siri ili anunue almasi, na mwingine hakuonekana tena shuleni ijapokuwa mjomba wake amekwisha kumlipia. Hao tunawatembelea. Watano waliobaki, pamoja na yule kijana wa barazani, walikuwa wanakuja mafundishoni kila posho. Walicheza usiku kwa sababu usiku mtandao unakwenda vizuri. Waliandikwa kwa Kipaimara. Minervali ya yule kijana bado haijapatikana.

Kisha vijana wa Xaveri, chama ambacho Padri Georges Defour alikianzisha Bukavu mwaka 1952, waliomba ruhusa ya kukodi chumba kimoja cha mpira wa televizyo siku ya posho, waalike na hao watano, washindane bila kamari. Waliandika masharti yao wenyewe. Mawili yalipita mara moja: hakuna kuweka feza, na kengele ya sala ikilia mchezo unasimama hata kama mtu yuko mbele ya goli. Sharti la tatu linabishaniwa mpaka leo. Wapya wanataka waanze na goli moja mbele, wakisema kwamba bila hilo watatoka mara ya kwanza na siku yao itakuwa imekwisha. Wenye kukaza wanajibu kwamba goli la kupewa si goli, na kwamba mpya mwenyewe ataona haya kulishangilia. Walishindwa kupatana, wakamchagua mzee katekista, mwenye daftari, awe mwamuzi. Yeye alisema hawezi kuamua jambo asilolijua, akaomba aonyeshwe kwanza ginsi ya kushika mashine ile mikononi. Tulipoondoka kupanda Fizi jioni ile, alikuwa amefungwa magoli sita, na alikuwa anaomba kuanza tena.